Shepard Alikufa ama Alikuwa Anaota? Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Kuhusu Mwisho wa Mass Effect 3

Hii gemu ya vita vya angani, ya kampuni ya BioWare, ambayo unamwendesha Kamanda Shepard, ilitoka Machi 2012 na mpaka leo mtu akiingia mahali pa kucheza pleisteshoni hapa Nakuru akasema jana usiku amemaliza Mass Effect 3, lazima kuna mwingine pale nyuma ataweka pedi chini ageuke amuulize, ulichagua rangi gani? Basi imeanza. Soda zitaisha, watu watapandisha sauti, na mwisho nitatumiwa meseji niamue kesi kama chifu. Nimechoka kueleza kitu kimoja kwa voisinoti za dakika nane, ndio nikaamua kuandika yote hapa mara moja. Kama hujacheza na unapanga kucheza, toka sasa hivi, kutoka hapa kwenda chini ni spoila tupu na sitaki lawama baadaye.

Hiyo nadharia ya mashabiki, ya indoktrinesheni, inasema nini hasa?

Inasema hivi. Kule mwisho Shepard anakimbia kuteremka mlima wa vifusi pale London kuelekea ule mwanga unaopanda Citadel, stesheni kubwa ya angani, Harbinger, mmoja wa zile mashine adui zinazoitwa Reapers, anashuka, anampiga na leza, jamaa anaanguka, skrini inakuwa nyeupe. Anaamka akiwa ameungua, anajikokota, anaingia kwa mwanga. Wenye nadharia wanasema hapo ndipo penye mtego, hakuamka. Kila kitu unachoona baada ya hapo, Anderson mkubwa wake wa jeshi, Illusive Man kiongozi wa kundi la Cerberus, yule mtoto wa mwanga, zile njia tatu za kumaliza vita, yote yanatendeka ndani ya kichwa chake akiwa bado amelala London, na si ati anaota tu juu amechoka, ni Reapers wako ndani wanajaribu kumgeuza awe mtu wao. Ukichagua nyekundu, yaani kuwaharibu, akili yake imekataa na anaamka. Ukichagua bluu, kuwatawala, ama kijani, kuunganisha viumbe na mashine, umekubali walichotaka na wamekushika, ila wewe uliyekaa kwa kochi unaona umeokoa dunia.

Mimi hupenda kutumia neno maruerue, ile kuona vitu ambavyo havipo ukiwa macho yako wazi. Ukisema ndoto watu wanafikiria ile ya kulala, asubuhi unaamka unamsimulia mama.

Indoktrinesheni ni nini? Nilianza na gemu ya tatu moja kwa moja.

Ukaanza na ya tatu? Haya, si kesi.

Reapers ni zile mashine kubwa za kale zinazokuja kila miaka elfu hamsini kufagia viumbe walioendelea. Silaha yao mbaya si leza. Ukikaa karibu nao muda mrefu, hata karibu na kipande chao tu, unaanza kufikiria vile wanataka na unaapa ni mawazo yako mwenyewe. Gemu inaeleza dalili zake: kichwa kuuma, mlio masikioni, kuhisi kuna mtu anakuangalia, baadaye kuona vitu. Saren, adui wa gemu ya kwanza, alikuwa hivyo, alikuwa na hoja, alikuwa na mpango, aliamini anaokoa watu, kumbe ameshaliwa ndani kama mahindi yenye dumuzi.

Mfano ninaoupenda uko kwa gemu ya pili, ile Reaper iliyokufa zamani inayoelea tu angani. Cerberus walituma wanasayansi waichunguze. Ukiingia unakuta rekodi zao, kuna wawili wanaongea, mmoja anasimulia kitu kuhusu bibi yake, mwenzake anamkatiza, ngoja, huyo ni bibi yangu, hiyo ni kumbukumbu yangu mimi. Wote wawili wanakumbuka kitu kimoja. Na hiyo mashine ni maiti! Kama maiti inafanya hivyo, mzima je?

Sasa weka hiyo karibu na Arrival, DLC yaani nyongeza ya gemu ya pili, ya 2011, pale Shepard analala siku mbili nzima bila fahamu karibu na kifaa cha Reapers. Siku mbili. Wenye nadharia wanaanzia hapo kuhesabu.

Ushahidi uko wapi? Ama ni watu walikataa tu kukubali?

Uko, na mwingine ni mzito, kwa hivyo usiwacheke kabla hujausikia. Mwingine nao ni wa kuokoteza, kila nadharia iko na watu wake wa kuhesabu matofali.

Anza na miti. Ukiamka baada ya leza, angalia pembeni ya njia, kuna vichaka vyeusi vimesimama ambavyo ulipokuwa unateremka mbio hukuviona, na vinafanana na ile misitu ya ndoto zake za mtoto. Bunduki nayo ni bastola isiyoisha risasi. Redioni mtu anasema kikosi chote kimefagiwa, hakuna aliyefika, halafu juu unamkuta Anderson anakwambia alikufuata nyuma, na amefika mbele yako. Illusive Man anatokea tu, hakuna mlango aliotumia.

Halafu ile sehemu ya watatu wao. Illusive Man anamlazimisha Shepard kumpiga Anderson risasi, pembeni za skrini kunatambaa vitu vyeusi kama moshi, na kuna mlio. Mambo yakiisha, Shepard anaangalia mkono wake, una damu, na jeraha liko ubavuni, pale pale alipopiga Anderson. Kwa wenye nadharia hiyo inamaanisha Anderson ni ile sehemu ya akili yake inayokataa, Illusive Man ni ile inayokubali, na risasi amejipiga mwenyewe. Mimi hiyo nikiisikia mara ya kwanza nilinyamaza kabisa.

Rangi. Kwa gemu zote tatu bluu ni ya mtu mwema na nyekundu ni ya yule mkali asiyejali. Mwishoni zimegeuzwa: kuharibu, kitu ambacho umepigania tangu 2007, kimepakwa nyekundu, na kutawala, wazo la Illusive Man ambaye tumemaliza sasa hivi kumwambia amepotoka, kimepakwa bluu. Ukienda bluu ama kijani, macho ya Shepard yanageuka yanakuwa kama ya Illusive Man. Nyekundu hayageuki.

Na mwisho kabisa, pumzi. Ukichagua nyekundu na jeshi lako ni kubwa vya kutosha, unaonyeshwa sekunde chache za mtu aliyevaa vazi la vita la N7, alama ya kikosi maalum cha Shepard, amefunikwa na vifusi, kifua kinapanda, anavuta pumzi, giza. Vifusi vyenyewe ni saruji na vyuma. Citadel ni stesheni ya angani, imelipuka, saruji ya nyumba imetoka wapi? London ndio imejaa saruji. Na hiyo pumzi iko kwa nyekundu peke yake. Ukitaka kunishawishi mimi, hii peke yake inatosha kunifanya nikae chini.

Mambo ya kuokoteza: kuna mtu alinipigia simu saa nne usiku ati namba zilizoandikwa kwa ukuta fulani zina maana. Nikamwambia alale.

Na huyo mtoto ni nani?

Hana jina, na hiyo yenyewe inasumbua. Unamwona mwanzoni kabisa amejificha kwa tundu la hewa, Shepard anamwita, mtoto anamwambia huwezi kunisaidia, Anderson anaita, Shepard akigeuka tena mtoto hayupo. Baadaye unamwona anapanda ndege ya uokoaji, na ukiangalia vizuri hakuna askari hata mmoja anayempa mkono ama kumtazama, mtoto mdogo hivyo anapanda peke yake kama hewa. Ndege inapigwa. Kuanzia hapo anaingia kwa ndoto za Shepard, msitu, vivuli vyeusi, sauti za marafiki waliokufa zinanong'ona.

Halafu kule mwisho, akili iliyowatengeneza Reapers inajitokeza kwa sura ya nani? Ya huyo huyo. Imejuaje? Wengine husema ni watengenezaji walitaka sura ya kutuliza roho, mambo ya hisia, na hawakufikiria mbali. Inawezekana. Lakini kama haiko kichwani mwa Shepard, ilipata wapi hiyo sura? Hilo swali nimewauliza watu wengi wa upande ule mwingine na wote huanza kukuna kichwa.

Mbona watu walikasirika hivyo? Si ni gemu tu?

Miaka mitano, gemu tatu, unahamisha seivu yako kutoka moja hadi nyingine, uliyemwokoa mwaka 2007 anakuja kukushukuru 2012. Na Casey Hudson, aliyeongoza kazi yenyewe pale BioWare, alikuwa amesema kabla gemu itoke kwamba huu hautakuwa mwisho wa kuhesabu A, B, C. Halafu tukapewa njia tatu na mlipuko mmoja wenye rangi tatu.

Jibu la mashabiki lililonifurahisha ni la keki. Walichanga wakatuma keki ndogo ndogo kama mia nne kwa ofisi za BioWare kule Edmonton, Kanada, zimepakwa juu nyekundu, bluu na kijani, na zote ukiuma ndani ni vanila ile ile. Hiyo ndio kusemwa vizuri bila matusi. BioWare wakazipeleka kwa makao ya vijana wasio na nyumba. Mashabiki hao hao walichangia shirika la Child's Play zaidi ya dola elfu themanini, kwa hivyo msiseme walikuwa wanalia tu. Wengine walilia tu, ni kweli.

Kulikuwa pia na mzaha wa Marauder. Kabla uingie kwa ule mwanga, adui wa mwisho kabisa ni Marauder mmoja mwenye ngao, amesimama njiani peke yake. Watu wakaanza kumwita shujaa, ati alikufa akijaribu kutuzuia tusione mwisho. Mpaka leo tunamheshimu.

Ni kweli nyinyi hamkuona pumzi 2012?

Ni kweli, na ni aibu, ngoja nieleze.

Binamu yangu alikuwa na kiduka cha gemu Kaptembwo, Xbox 360 mbili na teli mbili za mgongo, shilingi kadhaa kwa mechi. Mchana ni FIFA tu, mtu wa stori huwezi kushika pedi mchana utafukuzwa na wenye pesa. Usiku akifunga mlango ndio tunacheza yetu, mimi, yeye, na mdogo wake wa miaka tisa ambaye alikuwa amekataa kwenda kulala na hasomi maandishi ya chini lakini ana maoni kuliko sisi wote.

Tumefika mwisho. Tumebishana nusu saa mbele ya yule mtoto wa mwanga, pedi imewekwa sakafuni ndio mtu asiguse. Tukakubaliana nyekundu. Shepard anatembea mkono wa kulia, anapiga ile mitambo risasi, anasonga mbele, kioo kinapasuka, moto, skrini inajaa mwanga, halafu giza. Giza kabisa. Tukakaa tu. Binamu yangu akasema pole pole, "Eeh. Hao watu ni wakali." Tuliamini huo ndio mwisho, giza, umekufa, hakuna maelezo, na tukaanza kusifu. Ilichukua kama dakika moja kabla ya kadogo kusema hata feni imezima.

Tokeni ziliisha. Mita ilikuwa imelia tangu jioni na kila mtu alidhani mwenzake amenunua.

Lakini hata stima ingekuwa, pumzi tusingeiona. Wakati huo gemu ilikuwa na kitu cha utayari wa galaksi, kinaanza nusu, asilimia 50, na kukipandisha ilibidi ucheze online na watu wengine. Yaani unakusanya meli, unakusanya majeshi sayari baada ya sayari, halafu hesabu inakatwa katikati. Intaneti ya kucheza online Kaptembwo mwaka huo ilikuwa ni hadithi, bando ya kutuma baruapepe yenyewe unapima. Kwa hivyo nusu ya nadharia, ile nusu nzito, ilikuwa kitu tulichoona YouTube kwa saiba, video imejaa vipande vipande, dakika moja inachukua kumi kufunguka. Sisi tulibishania ushahidi ambao mashine yetu ilikataa kutuonyesha.

Extended Cut si iliua hiyo nadharia?

Iliijeruhi. Hiyo ni nyongeza ya kurefusha mwisho, ilitoka tarehe 26 Juni 2012, bure, na ilifanya mambo mawili. Kwanza iliziba mashimo: wale wenzako wawili uliokimbia nao London ambao walikuwa wanapotea halafu wanaonekana kwa Normandy, meli ya Shepard, kimiujiza, sasa Normandy inashuka kuwachukua mbele ya macho yako. Hicho kilikuwa kimoja cha vile watu walikuwa wanasema, unaona, ni ndoto, mambo hayaungani. Kumbe ilikuwa tu kazi haijaisha. Pili, iliongeza picha za baadaye, galaksi ikijengwa upya, kila rangi na yake, na kiwango cha jeshi cha kuona pumzi kikashushwa. Picha za baadaye ndizo zilizoumiza, juu kama Shepard anaota, hizo za kijani za watu wakipona anaota nani?

Lakini pia iliongeza njia ya nne, kukataa. Unamwambia yule mtoto hapana, ama unampiga risasi, na anakujibu kwa sauti nzito ambayo si ya mtoto hata kidogo, ni kama Harbinger mwenyewe anaongea. Wenye nadharia waliruka viti siku hiyo. Kwa hivyo BioWare walichukua kwa mkono huu wakarudisha na ule.

Halafu Agosti ikaja Leviathan, DLC nyingine yenye kiumbe wa jina hilo, na hiyo kwangu ndio ilipiga msumari, juu inaeleza huyo mtoto ni akili bandia iliyotengenezwa na nani, na kwa nini. Ana ukoo, ana historia, hawezi kuwa maruerue ya Shepard peke yake. Wajanja watakwambia mazungumzo na Leviathan yenyewe yanafanyika ndani ya akili ya Shepard, kwa hivyo gemu inakubali michezo ya kichwani. Ni hoja. Ni nyembamba lakini ni hoja.

BioWare wenyewe walisema nini?

Kwa muda mrefu walinyamaza, na unyamavu ndio mbolea. Mwaka 2021 mmoja wa waandishi wa hiyo gemu, Chris Hepler, alisema wazi kwenye mahojiano kwamba nadharia ni nzuri ila ni ya mashabiki, wao hawakuipanga. Imeisha hiyo kama unauliza nia ya wenye gemu.

Ila kuna kitu kimoja kinachonifurahisha. Kwenye ile kazi ya mwandishi wa habari za gemu Geoff Keighley iliyoandika vile gemu ilitengenezwa, inasemekana mpaka Novemba 2011 walikuwa bado wanajaribu sehemu ya mwisho ambapo mchezaji anapoteza uwezo wa kumwendesha Shepard, anashikwa na Reapers kabisa, ukibonyeza hivi yeye anaenda vile. Waliitupa juu ilikuwa ngumu kuiunganisha na mambo ya kuchagua maneno. Ina maana wazo lilikuwa mezani. Mashabiki waliona jivu wakasema hapa palikuwa na moto, na kweli palikuwa, ila ulizimwa kabla wageni wafike.

Kwa hivyo wewe unaamini ama huamini?

Niliamini miaka kama mitatu hivi, nikiwa na vidio zangu na mpangilio wangu wa hoja kama wakili. Niliacha siku moja bila kubishana na mtu, nilikuwa kwa matatu natoka mjini naenda Lanet, nikajiuliza swali dogo: kama yote ni maruerue, vita viliisha vipi?

Havikuisha. Shepard ameamka London, yuko kwa vifusi, Reapers wako juu, silaha ya mwisho haijafyatuliwa. Nadharia inachukua dakika ishirini mbovu inazifanya ziwe safi sana, za akili, na bei yake ni kwamba gemu haina mwisho kabisa. Tulilipa bei hiyo kwa furaha 2012 juu tulidhani mwisho wa kweli uko njiani, utatumwa kama DLC, ni mpango mkubwa. Umewahi kuenda matanga ukakuta kuna mtu anasema marehemu ameonekana Eldoret stendi, amevaa shati ile ile? Hadanganyi. Hayuko tayari tu. Na ukimsikiliza, maelezo yake ni mazuri kuliko ya daktari.

Lakini kuna kitu siwezi kukataa. Nikicheza leo, nikifika pale Illusive Man anaongea na ule mlio unaanza, mwili wangu unaicheza kama maruerue hata kama kichwa kimekubali si hivyo. Na hiyo sehemu ni tamu zaidi hivyo. Sijui kama hiyo inaitwa kuamini.

Nimenunua Legendary Edition juzi. Nichague rangi gani?

Ile ya gemu zote tatu zilizoboreshwa, ya 2021, sawa, umepata raha, online iliondolewa kwa hivyo hakuna kukatwa nusu, ukifanya kazi zako utaona pumzi. Chagua unavyotaka. Nyekundu inaua pia EDI, akili bandia ya meli yako, na Geth, zile mashine zenye akili, yule mtoto anakwambia hivyo waziwazi, na wenye nadharia watasema anakudanganya ndio uogope. Kama ulipatanisha Geth na Quarian waliowatengeneza kwa shida ile, itakuuma. Mimi huenda nyekundu. Usiniulize kuhusu kijani, kijani ni kumbadilisha kila mtu mwili bila kumuuliza halafu wote wanatabasamu.

Kuna gemu ingine yenye mwisho wa aina hii, lakini hii ikiwa ya makusudi?

Spec Ops: The Line, ilitoka mwaka huo huo wa 2012, Dubai imezikwa na mchanga. Hapo maruerue si nadharia, gemu inakuambia yenyewe: yule kamanda Konrad uliyekuwa unaongea naye kwa redio amekufa kitambo na redio ni mbovu. Mwandishi wake Walt Williams alieleza hata vile walitumia skrini kufifia nyeupe badala ya nyeusi pale Walker, askari unayemwendesha, anapojidanganya, na kwamba mtu anaweza kusoma hadithi kama jamaa alikufa kwa ile ajali ya helikopta. Ukimaliza hiyo utaelewa tofauti. Pale nyayo zimeachwa na aliyepita. Kwa Mass Effect 3 nyingine zimeachwa na maji ya mvua, na sisi tukazifuata tu.

Gemu mpya ya Mass Effect itajibu?

Trela ya Desemba 2020 inaonyesha Liara, mwenzake Shepard wa tangu zamani, kwa theluji anaokota kipande cha vazi la vita la N7, na kuna Reaper amelala amekufa. Watu wa nyekundu tulishangilia. Andromeda ya 2017 ilikwepa swali lote kwa kupeleka watu galaksi nyingine kabla ya vita kuanza, kama mtu anayetoka kwa nyumba akisikia wazazi wanaanza kugombana.

Na ile siku tokeni ziliisha, mlifanya nini?

Binamu yangu alinunua kwa simu, meseji ikakawia, tukakaa gizani tunabishana kama mwisho tuliouona ulikuwa mwisho. Ikafika karibu saa tano. Nikamshikia mulika mwizi pale kwa mita nje, yeye anabonyeza zile namba ishirini, akakosea, akaanza upya, mimi namsomea nne nne. Stima ikarudi, seivu ikaturudisha nyuma London, kabla ya ule mwanga.

Kadogo akasema sasa ni zamu yake. Tukampa. Akajikokota na Shepard mpaka pale kwa Marauder, akasimama, akaachilia pedi kwa mapaja, akapigwa risasi mpaka akafa. Tukasema amekosea vitufe, tukaanza tena. Akafika, akasimama tena.